Remmy hakuwauzia wazungu, tatizo lilikuwa hapa hapa nyumbani

Kuna ubishi mmoja mjini hauishi. Utaukuta kwenye mabenchi ya kahawa pale Feri, wazee wakisubiri pantoni ya Kigamboni, na utaukuta Kariakoo kwa mafundi redio. Ubishi wenyewe uko hivi: Dk. Remmy Ongala, mtu aliyejulikana nchi nzima kama mtetezi wa wanyonge, alipanda ndege akaenda Uingereza, akarekodi albamu yake kali kuliko zote, akaipa jina la Kiingereza, "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo za mtu maskini. Halafu maskini mwenyewe wa Magomeni na Mbagala hakuiona hata kava lake. "Aliwauzia wazungu," ndivyo wanavyomaliza. Dogo wa miaka 20 anayesikiliza pembeni anaibeba kama ilivyo na kwenda kuirusha mtandaoni kama ukweli.

Hapana bwana. Hiyo hesabu imepigwa vibaya. Albamu ile ilitoka 1989, na kabla ya kumhukumu marehemu ni vizuri kuiangalia Dar es Salaam ya mwaka huo ilivyokuwa. Ukishaiangalia utaona aliyemfungia mnyonge mlango siye Remmy. Utaona na jambo la pili ambalo linauma zaidi: mlango ule leo uko wazi, na wanaoupita wengi hawana habari na mnyonge kabisa.

Alitokea wapi huyu mtu

Kwa wale ambao jina la Remmy wanalijua kwa sababu ya kituo cha daladala tu, tuelewane kwanza. Ukipanda gari la Sinza, konda anaita "kwa Remmy, kwa Remmy, shuka!" Watu wanashuka kila siku, wananunua chips wanaenda zao. Wengi hawajui kwamba kituo kile kimepewa jina la mwanamuziki aliyeishi maeneo yale.

Alizaliwa Kindu, mashariki ya Congo, mwaka 1947, jina lake kamili Ramadhani Mtoro Ongala. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa na meno tayari, na kwamba mama yake alikuwa ameshapoteza watoto, akaambiwa na mganga huyu asimnyoe nywele. Zile rasta alizokuja kujulikana nazo chanzo chake ni hicho, hazikuwa fasheni ya kuiga mtu. Alijiita "sura mbaya" bila kuona haya, na watu wakampenda hivyo hivyo.

Dar alifika 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya Mzee Makassy ambaye ni ndugu yake. Huko ndiko aliimba "Siku ya Kufa", ngoma ambayo mpaka leo ikipigwa msibani watu wazima wanatoa leso. Makassy walipohamia Nairobi, Remmy alibaki. Hilo wabishi huwa wanaliruka. Nairobi ndiko kulikokuwa na studio za maana na kiwanda cha kuchapa santuri, na wanamuziki kibao wa hapa walikuwa wanakimbilia kule. Yeye akabaki Dar na kuingia Matimila, bendi iliyochukua jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Mtu anayewinda pesa za nje asingeanza kwa kuikataa Nairobi.

Dar ya 1989 haikuwa na mahali pa kuuzia

Sasa turudi kwenye mwaka wa albamu. Redio Tanzania Bara ilikuwa moja, RTD. Redio binafsi zilikuja kuruhusiwa miaka ya 90, na Radio One ilianza kusikika 1994. Televisheni Bara haikuwepo kabisa, nayo ilisubiri 1994. Kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwepo. Kwa hiyo bendi ikiwa na ngoma mpya, njia ilikuwa moja tu: unaenda studio za RTD kule Barabara ya Pugu, mnapiga wote kwa pamoja, mtu akikosea mnaanza upya, mkimaliza mnarudi nyumbani. Kanda inabaki redioni.

Ngoma ikipigwa hewani inakuwa tangazo. Watu wanaijua, Jumamosi wanakuja ukumbini, na mlango wa ukumbi ndio mshahara. Hapakuwa na kitu kinaitwa kuuza albamu kwa maana tunayoijua sasa. Vyombo vyenyewe mara nyingi havikuwa vya wanamuziki. Juwata Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa ya shirika la DDC, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Bendi nyingine zilikuwa za matajiri. Mwenye gitaa ndiye mwenye bendi, na mpigaji akigombana na mwenye gitaa anahamia kwa mwingine akiwa mikono mitupu.

Kariakoo je? Kariakoo ilikuwepo na biashara ilikuwepo, tena kubwa. Kaseti. Fundi ana redio kaseti mbili, moja inapiga na nyingine inarekodi, unamwambia unataka Sikinde upande huu na Msondo upande wa pili, kesho unafuata mzigo wako. Wengine walirekodi moja kwa moja kutoka redioni, na mtangazaji anasikika akisoma salamu juu ya gitaa. Ilikuwa raha, na hakuna wa kuwalaumu wananchi kwa hilo, maana duka la kununua kaseti halali ya msanii lingekuwa wapi? Lakini katika shilingi iliyotoka mfukoni mwa mnunuzi, aliyeimba hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki ya 1966 ilikuwa kwenye karatasi. Sheria iliyoleta COSOTA ilipitishwa 1999, yaani miaka kumi mizima baada ya albamu ya Remmy.

Ongeza na hali ya maisha. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na IMF, shilingi ikashushwa thamani, bidhaa zikarudi madukani lakini kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida alikuwa anaiangalia tu kwa macho. Hata nyuzi za gitaa zilikuwa kitu cha kuagiza kwa mtu anayesafiri.

Basi hapo ndipo swali linapokuja kwa wale wa "aliwauzia wazungu". Angeuza wapi hapa? Kwa nani, kwa njia gani, kwa sheria ipi?

Nyumba ya mtu wa roki

Kule alikoenda kuna mtu anaitwa Peter Gabriel. Huyu ni mwanamuziki wa roki, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la Genesis kabla hajaliacha 1975 na kuanza kuimba peke yake. Mwaka 1982 yeye na wenzake walianzisha tamasha la Womad la kukutanisha muziki wa dunia nzima. Tamasha la kwanza liliwaletea hasara kubwa mpaka wenzake wa zamani wa Genesis ikabidi warudi jukwaani naye usiku mmoja ili kulipa madeni. Mwaka 1986 akatoa albamu ya "So", ikauza kinoma, na jina lake likawa kubwa kila kona. Pale kijiji cha Box, karibu na mji wa Bath, akawa na studio zake za Real World. Mwaka 1989 ikazaliwa na lebo yenye jina hilo hilo.

Albamu iliyofungua lebo ile ilikuwa ya kwake mwenyewe, "Passion", muziki alioutengeneza kwa ajili ya filamu. Ndani yake zimo sauti za Youssou N'Dour na Baaba Maal wa Senegal, yumo Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan. Ni kazi nzuri, haina ubishi. Lakini isikilize vizuri uone sauti hizo zimekaaje. Zinaingia, zinalia kidogo, zinatoka. Ni viungo kwenye sufuria ya mtu mwingine. Mpishi ni Gabriel, jina la juu ni Gabriel, na msikilizaji wa London akimaliza kusikiliza anasema Gabriel ametisha.

Sasa chukua "Songs for the Poor Man", imetoka mwaka huo huo, lebo hiyo hiyo. Super Matimila walikuwa wameshazunguka na Womad mwaka 1988, na mwaka huo Womad walishatoa albamu yao nyingine, "Nalilia Mwana". Safari hii wakaingizwa studio yenyewe. Wangeweza kabisa kufanywa viungo. Mwenye nyumba ni tajiri, ana jina, ana mitambo, wao ni wageni kutoka nchi ambayo hata nyuzi za gitaa ni shida. Lakini kilichotoka ni bendi ya Dar es Salaam ikipiga nyimbo zake kwa Kiswahili. Sufuria ni ya Remmy, moto wa Remmy, na mzungu kaazima jiko tu. Kama huko ndiko kuuza, basi wauzaji wa namna hiyo wangekuwa wengi nchi hii ingefika mbali.

Kilichomo ndani

Watu wengi wanaobishana hawajaisikiliza albamu yenyewe, na hilo ndilo linalochekesha. Mtu anapigia kelele kava.

Imo "Sauti ya Mnyonge". Jina tu linatosha kukuambia anayezungumza ni nani na anayezungumziwa ni nani. Imo "Kipenda Roho", ya mapenzi, na kila mtoto aliyekulia uswahilini anajua msemo huo unaishia wapi. Imo "Karola". Imo "Muziki Asili Yake Wapi", ambayo jina lake ni swali, na ni swali zito kwa mtu aliyezaliwa Congo, anayeishi Sinza, anayerekodi Uingereza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyogeuzwa lugha ili mzungu aelewe.

Muziki wenyewe ni wa dansi kama ulivyokuwa ukipigwa ukumbini. Unaanza taratibu, magitaa yanapishana bila kugongana, hili linauliza lile linajibu, besi inatembea chini kama mtu asiye na haraka. Remmy anaimba kwa ile sauti yake nzito ya kukwaruza, katikati anaacha kuimba anaanza kuongea, kama mzee anayesuluhisha ugomvi wa nyumba ya kupanga. Halafu linakuja chemko, na hapo mwenye kiti anasimama. Nyimbo ni ndefu. Hakuna aliyezikata ziwe dakika tatu za redio ya Ulaya. Mtu wa Box, Wiltshire alipewa kile kile alichokuwa akipewa mtu wa Temeke.

Muziki huo Remmy aliuita "ubongo". Alitaka uingie kichwani kabla ya miguuni. Vijana wanaosema Bongo Fleva kila siku wakumbuke kwamba neno hilo la bongo liliwahi kubebwa na mtu aliyelichukulia kwa maana yake halisi, ya akili.

Kuna hoja moja ya wazee ambayo ina uzito. Wanasema rekodi za RTD zina moto zaidi, kwamba kule Uingereza sauti ilisafishwa mno mpaka jasho la ukumbini likaondoka. Kweli kabisa, ukizisikiliza zote mbili utaona tofauti. Ya RTD ni kama uko mlangoni mwa ukumbi, ya Real World ni kama umekaa katikati ya bendi. Lakini ile ya kusafishwa ndiyo inayokuwezesha kusikia kila gitaa linafanya nini. Mpigaji wa leo anayetaka kujifunza gitaa la dansi, aanzie pale. Zote mbili zina kazi yake, na kuwa na moja hakukulazimishi kuitupa nyingine.

Hoja zao moja moja

Ya kwanza, jina la Kiingereza. Sawa, hapo wabishi wana pointi. Mnyonge ameandikwa jina kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Lakini tuwe wakweli, jina la kava ni la muuzaji, na muuzaji alikuwa anaweka mzigo kwenye maduka ya Uingereza. Ukifungua ndani, kuanzia mwanzo hadi mwisho ni Kiswahili. Leo hii kuna albamu ngapi za hapa hapa nyumbani zina jina la Kiingereza, na mashabiki wake wote wanakaa Tandika na Buza? Hakuna anayenung'unika.

Ya pili, kwamba alibadilika akaanza kuimba Kiingereza. Hapa watu wanachanganya mafaili. Nyimbo za Kiingereza zipo kwenye albamu iliyofuata, "Mambo", ya mwaka 1992. Mtu akitaka kumlaumu kwa hiyo ana haki yake, ni mjadala mwingine na kuna la kusema. Lakini huwezi kuchukua kosa la 1992 ukaenda kuifunga nalo albamu ya 1989.

Ya tatu, kwamba mnyonge hakuipata. Ni kweli hakuipata kwa njia ya dukani. CD ilihitaji mashine ambayo nyumba nyingi hazikuwa nayo, na bei yake ilikuwa ya kigeni. Iliingia kwa mlango wa nyuma, mkononi mwa mtu aliyetoka safari, ikanakiliwa kwenye kaseti. Lakini nyimbo za Remmy hazikuwa ngeni kwa mnyonge, maana bendi ilirudi. Huu ndio ukweli unaomaliza ubishi. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi Sinza, akaendelea kupiga kumbi za hapa, watu wakaendelea kulipa mlangoni na kucheza.

Tena aliporudi alikutana na nini? Mwanzoni mwa miaka ya 90, ukimwi ukiwa unamaliza vijana, alitoa "Mambo kwa Soksi", ya kuwaambia watu wavae kondomu. RTD haikuipiga. Wimbo uliomlenga mnyonge kabisa, unaoweza kumwokoa roho yake, redio pekee ya mnyonge ukaukataa. Ukavuma kwenye kumbi na kwenye kaseti. Sasa nani hapo alimnyima mnyonge muziki wake?

Leo mlango uko wazi, kaingia nani?

Hapa ndipo ubishi unapotakiwa kuhamia, kwa sababu marehemu kashalala tangu tarehe 13 Desemba 2010 na miaka yake ya mwisho aliimba injili baada ya kuugua. Hana wa kumjibu.

Kila kitu alichokosa Remmy kipo. Studio ziko kila mtaa, nyingine ni chumba kimoja na godoro limegongomewa ukutani kuzuia sauti. Kompyuta moja inafanya kazi ya mitambo iliyomlazimu kuvuka bahari. Redio zipo mpaka zinagombania masafa. Sheria ya hakimiliki ipo. Msikilizaji wa Feri anayesubiri mnada wa samaki saa kumi na moja alfajiri ana simu mfukoni, na kwa bando la jero anasikiliza anachotaka. Hata "Songs for the Poor Man" yenyewe ipo mtandaoni sasa. Imemchukua mnyonge zaidi ya miaka 30, lakini imemfikia.

Halafu angalia kinachowekwa humo. Kuna supastaa wa mjini, jina kapuni, na kusema kweli hata si mmoja, wako wengi wanaoingia kwenye sifa hiyo. Alitoka familia ya kupanga chumba kimoja, mama yake kauza vitumbua mpaka mtoto akatoka. Akitoa ngoma ni gari, saa, chupa na namba ya akaunti. Video inapigwa kwenye nyumba ya kukodi kwa siku moja. Anayemsikiliza ni dogo anayebeba mizigo Kariakoo kwa buku mbili tatu, na humo ndani ya wimbo dogo huyo hayumo kabisa. Yuko nje ya geti anaangalia.

Na upande wa biashara, supastaa huyo huyo unakuta kasaini mkataba mrefu wa Kiingereza ambao hakuusoma, na siku akitaka kuondoka kwenye lebo anaambiwa masta za nyimbo si zake, alipe kwanza. Wanamuziki wa dansi kanda zao zilibaki redioni kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Huyu wa leo njia anayo, mwanasheria anaweza kumlipa, na bado kanda inabaki kwa mtu. Huyo ndiye angeulizwa kamuuzia nani.

Itasemwa msanii naye anatakiwa kula, na watu wamechoka na shida, wakiwasha redio wanataka kusahau. Ni hoja ya haki. Lakini Remmy alikuwa anajaza ukumbi. Watu walilipa kiingilio kwenda kuimbiwa habari za shida zao, wakacheza nazo mpaka asubuhi. Shida ikiimbwa vizuri haimchoshi mtu, inampa moyo, kwa sababu amejua haiko kwake peke yake.

Na itasemwa pia kwamba wapo walioendeleza. Ni kweli na wapewe sifa zao. Professor Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001 na "Ndiyo Mzee" ikiwemo humo, mwanasiasa mwongo aliimbwa mpaka akachekwa hadharani. Wagosi wa Kaya kutoka Tanga waliingia mpaka hospitalini na "Wauguzi". Leo kuna singeli, iliyotoka Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, na ukiacha ile kasi yake ukasikiliza maneno, utakuta kodi ya nyumba, mama mkwe, mkopo wa kausha damu na ugomvi wa bombani. Huko ndiko sauti ya mnyonge ilikohamia. Cha ajabu, wanaoidharau singeli kwamba ni fujo ya wahuni ni wale wale wanaomlaumu Remmy kwamba alimsahau mhuni wao.

Kinachokosekana ni kazi nzima. Albamu moja, iliyokaa chini ikafikiriwa, ambayo ukiianza mpaka ukaimaliza unakuwa umekaa na watu wa kweli: mama anayekaanga samaki Feri kwenye moshi kutwa nzima, machinga aliyehamishwa kona mara tatu kwa mwaka, bodaboda anayepeleka hesabu ya tajiri kabla hajala, binti wa kazi anayetuma pesa kijijini. Watu hao ndio wengi. Ndio wanaolipia bando linalowapa mastaa watazamaji. Wanastahili albamu yao, na safari hii jina lake linaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Redio nazo zina deni. Usiku mmoja tu, kituo chochote kati ya hivyo vinavyojaza masafa kingeipiga "Songs for the Poor Man" yote, mfululizo, bila mtangazaji kuongea juu ya gitaa, na kwa kulipia mirabaha yake. Isiwekwe kwenye kipindi cha zilipendwa saa ambayo vijana wamelala. Ipigwe jioni ya foleni, daladala zikiwa Ubungo hazitembei, abiria wamebanana, konda kachoka kuita. Ndipo wanaoshuka kwa Remmy wangejua wanashukia kwa nani.

Na mzee wa benchi la kahawa akirudia kwamba yule aliwauzia wazungu, aulizwe kwa adabu tu: shikamoo mzee, mwaka 1989 hapa Dar angemuuzia nani, na wewe kaseti yako uliinunua kwa nani?

Mdau, una kaseti ya Super Matimila nyumbani kwa mshua? Na ni msanii gani wa leo unaona anaweza kuifanya hiyo albamu? Dondosha jina hapo chini, matusi hapana.